Vitabu vifupi vya marudio kwa wanaosoma udaktari: kilinipa sapu, kitabu kilekile kikaniokoa

Daktari_wa_Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nimemwona mdogo wetu wa mwaka wa kwanza anauliza kama anaweza kuachana na Guyton, lile buku nene la fiziolojia, akashika kile kitabu chembamba tu, na pepa ikapita. Akajibiwa na makundi mawili. Kundi moja: "Acha uvivu, soma buku." Jingine: "Mimi nimesoma madesa mwanzo mwisho na leo naitwa daktari." Wote wamemwacha palepale alipokuwa.

Mimi MD nilishamaliza, intani nikamaliza, sasa niko hospitali ya wilaya nalinda zamu za usiku. Mwaka wa pili nilikula sapu (mtihani wa kurudia baada ya kufeli) ya famakolojia, somo la dawa, kwa sababu ya kitabu kifupi. Nakala ileile, iliyotolewa kopi na kubaindiwa steshenari ya nje ya geti, nimeitumia mpaka mwaka wa tano na sijakamatwa tena. Kitabu hakikubadilika hata herufi, kwa hiyo kilichobadilika ni mimi, na hilo ndilo nataka kulieleza.

Tuelewane kwanza. Kitabu kifupi ni kile cha marudio: somo zima kwa mistari, majedwali na michoro. Kinara wao ni First Aid for the USMLE Step 1, cha mtihani wa leseni ya udaktari kule Marekani, kinatoka upya kila mwaka (kifupi, lakini kurasa zake zinakaribia 800, sijui kirefu kingekuwaje). Vipo vya somo moja moja, kama BRS Physiology ya Linda Costanzo. Costanzo huyohuyo ana kitabu kingine kikubwa cha fiziolojia, jambo ambalo lilipaswa kunishtua mapema.

Sasa mwaka wa pili. Wiki mbili kabla ya UE, mtihani mkuu wa chuo, wenzangu wanahangaika na Katzung, buku la famakolojia, mimi nawaonea huruma. Nina kitabu changu chembamba na kalamu ya njano. Nilipaka mpaka ukurasa ukawa kama jezi ya Yanga. Nikakisoma mara tatu, na kila nikirudia naona mbona yote nayajua.

Swali la kwanza la insha: mama wa miaka 60, moyo umeshindwa kazi, anatumia furosemaidi ya kukojoza maji na digoksini ya moyo. Amekuja anatapika, anaona vitu kwa rangi ya njano, mapigo hayana mpangilio. Nikajua leo nimelamba dume. Nikaandika sumu ya digoksini, dalili zote nikazipanga. Kipengele (b): dozi ni ileile ya miezi minane, kwa nini limetokea sasa? Kalamu ikasimama.

Wakuu, jibu kitabu kilikuwa nalo. Mstari mmoja ulisema furosemaidi inashusha potasiamu. Mwingine, kurasa nyingi mbele, ulisema potasiamu ikishuka sumu ya digoksini huongezeka. Yote miwili nilikuwa nimeipaka njano. Ila sikuwahi kukaa nikajiuliza inakutana wapi: kwamba digoksini na potasiamu zinagombea kiti kimoja kwenye ile pampu ya sodiamu na potasiamu. Furosemaidi ikishamwaga potasiamu kwenye mkojo, digoksini inakalia kile kiti bila mpinzani. Basi. Ukishaliona hilo, ile mistari miwili huhitaji hata kuikariri, inakuja yenyewe.

Nilikula sapu. Likizo nzima nimebaki geto, bumu halipo, chai na chapati asubuhi, usiku chai bila chapati.

Pesa ya kitabu kingine haikuwepo, nikarudi kwa kilekile. Safari hii mada isiyoeleweka nilianza kuisoma kwenye Katzung ya maktaba, mada moja tu, siyo sura nzima, nikirudi naandika ile "kwa nini" kwa penseli pembeni ya mstari wa kitabu kifupi. Halafu nafunga kitabu. Nilikuwa na kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, mgongo wake mweupe. Nachora nefroni (kichujio kidogo cha figo) kutoka kichwani bila kuchungulia, na dawa za kukojoza mahali zinapofanyia kazi: asetazolamaidi inafanya kazi huku mwanzoni, furosemaidi kwenye mkono mnene unaopanda wa kitanzi cha Henle, thiazaidi mbele yake, spironolaktoni kule mwisho kwenye mrija wa kukusanyia mkojo. Kwa kila moja naandika inamwaga nini na inabakiza nini. Ndipo nafungua kitabu, na nilichokosea nakiandika juu yake kwa kalamu nyekundu. Siku ya kwanza kalenda ilikuwa nyekundu tupu kama machinjioni. Thiazaidi inabakiza kalsiamu, furosemaidi inaimwaga, hilo nililigeuza siku nne mfululizo. Siku ya sita nikachora pasipo doa jekundu, na nefroni hiyo mpaka leo naweza kukuchorea hata kwenye leso ya mgahawa.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mdogo wetu: kitabu kifupi kinakukumbusha ulichokwisha kukielewa. Ukikipa kazi ya kukufundisha, kitakupa mistari na wewe utadhani umefundishwa.

Lipo tatizo la pili, na kwangu mimi hili ni kubwa kuliko sapu. Vitabu hivi vimeandikwa kwa ajili ya mitihani ya kwao. Mwaka wa tano, vaiva (mtihani wa mdomo) ya magonjwa ya watoto. Nimepewa kisa: mtoto wa miaka 3, homa siku nne, hajaharisha wala kutapika, viganja vyeupe kama karatasi, mikono na miguu ya baridi, moyo mbio, malaria imeonekana. Unaanza na nini? Nikajibu bila kupepesa macho: maji ya chumvi, mililita 20 kwa kilo, haraka. Nimekariri. Profesa akavua miwani. "Hb yake 3.8. Hicho kidamu kilichobaki unataka ukifanye juisi ya ukwaju?"

Kisha akaniuliza kama naujua utafiti wa FEAST. Siujui. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika, hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yakatoka 2011. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa: ndani ya saa 48, asilimia 10.6 waliopewa albumini na 10.5 waliopewa maji ya chumvi, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa ile mimina-mimina. Dunia nzima ilidhani ni kinyume chake, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda. Kwa upande wetu kituo kilikuwa hospitali ya Teule, Muheza. Mimi ni mtu wa Korogwe. Muheza nimepita na basi maisha yangu yote nikinunua machungwa dirishani, halafu jibu lililotoka pale pale naenda kulikosea kwa sababu nimekariri kitabu cha mbali.

Karibuni mnisute au mniongezee.

---

Kapuku_Mtukutu

Mkuu uzi mrefu sana, tuwekee muhtasari wa mistari mitatu tuliobanwa na muda.

---

Mama_Wawili

Hahahaaa, na huyu naye akaitwe mwaka wa pili aanze upya.

---

Binti_Mwanakwerekwe

Asalaam aleikum kaka Daktari. Ahsante kwa uzi. Mimi ndo mwenyewe hasa, nipo mwaka wa mwanzo, nna sapu ya anatomia na zimebaki wiki tatu. Buku lenyewe nikilifungua nalala. Hichi chembamba nakisoma na nakifahamu, lakini nikiulizwa mifupa ya kiganja inapotea yote. Hasa ile minane midogo ya kwenye kifundo cha mkono. Kuna sentensi ya Kiingereza ya kuikumbukia lakini na sentensi yenyewe naisahau. Nifanyeje?

---

Mzizi_wa_Mwarobaini

Acheni unafiki wakuu. Mimi sijawahi kugusa kitabu, kikubwa wala kidogo. Past pepa za miaka sita nyuma, basi. Maswali yanajirudia mpaka koma. Mhadhiri ana mke, ana watoto, ana shamba Kibaha, atapata wapi muda wa kutunga swali jipya? Nimemaliza na GPA yangu safi kabisa. Hayo mambo ya kuchora kalenda ni ya watu wasio na marafiki mwaka wa juu yao.

---

Daktari_wa_Zamu

Mzizi, sibishani na past pepa, nilizifanya pia. Ila nikuulize kitu kimoja: ulikuwa unalijibu swali kwanza ndipo unaangalia jibu, au ulikuwa unasoma swali na jibu lake kama hadithi? Kama ni la kwanza, basi ulikuwa unachora kalenda kama mimi, tofauti ni karatasi. Kama ni la pili, ulibahatika mhadhiri akawa na shamba.

---

Mzizi_wa_Mwarobaini

Kidogo la kwanza kidogo la pili. Usinichimbe sana.

---

Mwl_wa_Fiziolojia

Wanangu, nimefundisha fiziolojia miaka mingi, niruhusuni niseme neno.

Alichokigundua huyu bwana kwenye mgongo wa kalenda kimepimwa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu mara nne. Kundi jingine lilisoma mara moja, kisha mara tatu likafunikiwa karatasi na kuambiwa liandike linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikuwa mbele, asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40.

Na hapo kuna jambo moja zaidi ambalo watu hawalisemi. Wale waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Ndiyo ile "mbona yote nayajua" ya mwaka wa pili. Macho yakishauzoea ukurasa, kichwa kinadhani kimeshaushika. Kitabu kifupi kinaongeza ugonjwa huo kwa sababu unaweza kukirudia chote kwa siku mbili, ukatoka umejaa kujiamini.

Kuhusu kalamu za njano, nimesahihisha pepa nyingi mno za watu waliopaka. Sina la kuongeza.

Nitawatetea kidogo na watu wa vitabu vikubwa. Guyton mwenyewe alikuwa anasomea upasuaji wa ubongo, akapata polio mwaka 1946, mwili ukapooza sehemu, upasuaji ukaishia hapo akageukia fiziolojia. Kitabu chake kimoja aliandika peke yake matoleo manane. Ukisoma sura yake ya moyo unamsikia mtu mmoja anakuelezea kutoka mwanzo hadi mwisho, anaposema "kwa sababu hiyo" kweli ni kwa sababu hiyo. Kwenye kitabu cha mistari, "kwa sababu" ndiyo kitu cha kwanza kukatwa ili ukurasa utoshe.

---

Kapuku_Mtukutu

Mwalimu shikamoo. Huo ndio muhtasari nilikuwa naomba.

---

Mwl_wa_Fiziolojia

Marahaba. Sasa funga simu uuandike bila kuangalia.

---

Nyanza_Boy

Naunga mkono hoja ya vitabu vya mbali. Mimi niko kanda ya ziwa, mwaka wa nne. Wiki ya pili ya mzunguko wa tiba ya ndani tukapokea kijana wa miaka 28, mvuvi wa Ukerewe, katapika damu beseni zima. Bingwa ananiuliza sababu. Nikatiririka: mishipa ya umio imevimba, imepasuka, sababu sirosisi ya ini, sababu ya sirosisi pombe. Kitabu changu chembamba kinakwenda hivyo hivyo, mshale, mshale, mshale.

Bingwa akamgeukia mgonjwa: "Baba unakunywa?" Mgonjwa akasema yeye ni Msabato, hata soda ya kola hanywi. Wadi nzima ikacheka, mimi natamani nijifiche chini ya kitanda.

Akaniambia nimshike tumbo. Bandama imefika kitovuni. Macho hayana manjano, vipimo vya ini karibu vya kawaida. Kichocho cha tumbo, wakuu. Mayai yanakwama kwenye mishipa ya mlango wa ini, yanaacha makovu kuizunguka, presha inapanda nyuma yake, bandama inavimba, mishipa ya umio inapasuka, na nyama yenyewe ya ini bado nzima inafanya kazi yake. Kwenye kitabu changu kichocho kilikuwa mistari miwili kwenye jedwali la minyoo, na hakuna mshale wowote unaotoka hapo kwenda kwenye kutapika damu. Nimeuchora mwenyewe kwa kalamu, unatoka ukurasa huo mpaka ule wa ini, umekatiza karatasi kumi.

Kwetu swali la kwanza kwa anayetapika damu ni "umekulia wapi, unaoga wapi?" Pombe inafuata baadaye.

---

Mbio_za_Eldoret

Jambo wandugu, nawasoma kutoka Kenya, mwaka wa tano. Kiswahili changu mtanivumilia.

Mnavyosema ni kama vitabu vifupi vyote ni vya Marekani. Huku kwetu kitabu kifupi kinachoheshimiwa zaidi kwa wadi ya watoto ni kile kidogo cha Wizara ya Afya, Basic Paediatric Protocols. Kinaingia kwa mfuko wa koti. Hakuna intani anakosa nacho, kimechakaa hadi kimeshikwa na plasta. Dozi zimepangwa kwa kilo, huhitaji kupiga hesabu saa tisa usiku mama analia. Na kiliandikwa na watu wanaojua hospitali ya kaunti inakuwa na nini na inakosa nini.

Hicho mimi husoma kwanza kabla ya kitabu chochote cha nje, halafu kile cha nje kinanisaidia kwa mitihani ya nadharia. Nyinyi hamna kama hicho?

---

Daktari_wa_Zamu

Mbio, tunao mwongozo wa matibabu wa wizara, watu wanauita STG kwa kifupi chake. Unapatikana bure kwenye simu. Mwanafunzi wa Tanzania anaufahamu siku anaanza intani, wakati ungemfaa tangu mwaka wa tatu. Mimi mwenyewe nilikuwa nauona kama kitabu cha "watu wa zahanati". Ujinga mtupu.

Halafu niweke sawa jambo la FEAST kabla mtu hajanielewa vibaya na kumnyima mtoto maji. Utafiti ule haukuwahusisha watoto wanaoharisha, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto aliyeharisha mpaka macho yameingia ndani bado anahitaji maji, tena upesi. Mtoto wangu wa vaiva alihitaji damu na artesuneti ya malaria. Nilipofika nyumbani hilo nalo niliandika pembeni kwa penseli, maana kama lingebaki "usimimine maji" peke yake ningekuwa nimebadilisha kasuku mmoja kwa mwingine.

---

Mtu_wa_Maabara

Na mimi niseme la kwetu maabara. Vipimo, jamani! Vitabu vya Marekani sukari na kreatinini wanaandika kwa mg/dL. Mashine zetu nyingi hapa zinatoa mmol/L na mikromoli. Wiki iliyopita mwanafunzi kanipigia simu anahema: "Sukari ya mgonjwa ni 4.8, kitabu kinasema chini ya 70 ni hatari!" Mgonjwa mwenyewe amekaa kitandani anakula maandazi.

Sukari ya mg/dL gawanya kwa 18 upate mmol/L, kwa hiyo 70 yao ni 3.9 yetu. Kreatinini zidisha kwa 88.4. Ile 1.0 ya kwenye kitabu ni 88 kwenye karatasi yangu. Tayari nimeshawaona wawili walioona 90 wakataka kuita watu wa kusafisha figo. Andikeni kwenye jalada la ndani la kitabu kabla hamjaanza kusoma chochote.

---

Mswahili_wa_Ohio

Nawasalimu kutoka Marekani. Mimi nilisoma MD nyumbani nikaja huku, na Step 1 nimeifanya. Hicho First Aid mnachokizungumzia nimekilalia kama mto.

Niwaambie kinavyotumika kwao, maana tukikitoa nje ya nyumba yake tunakilaumu bure. Mwanafunzi wa huku ameshahudhuria masomo miaka miwili. Akifika kwenye maandalizi anafanya maswali kwenye kompyuta, arobaini arobaini, kila siku. Akikosa swali anasoma maelezo ya lile swali, kisha anafungua First Aid kwenye mstari unaohusika na kuandika pembeni alichokosa. Mtihani ukifika nakala yake haisomeki na mtu mwingine. Sijaona mtu maktabani anayekisoma kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kama riwaya. Yaani Daktari_wa_Zamu na kalenda yake alifika alipofika mwenye maswali ya kulipia, tena bure.

Mtihani wenyewe ni siku moja, muda wa saa nane, maswali hadi 280. Tangu tarehe 26 Januari 2022 matokeo ni kupita au kufeli tu, zamani ilikuwa alama, na alama hiyo iliamua utakuwa bingwa wa nini. Magonjwa yanayopewa uzito ni ya huku: Lyme ya kupe, fangasi wa bonde la California, hayo lazima uyajue usingizini. Saratani ya Burkitt unaikuta mistari michache: mtoto wa Afrika, uvimbe wa taya, virusi vya EBV, t(8;14) yaani kromosomu 8 na 14 zimebadilishana vipande, chini ya darubini inaonekana kama anga lenye nyota. Ugonjwa ulioelezwa na Denis Burkitt akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1958. Nilipokuta swali lake kwenye mtihani nilikaribia kusimama nipige saluti. Wenzangu waliujua kwa ile picha ya nyota tu. Mimi nilimkumbuka mtoto wa kitanda cha tatu, wadini kule nyumbani.

---

Mzizi_wa_Mwarobaini

Ohio hapo umenigusa, nakubali.

---

Daktari_wa_Zamu

Binti_Mwanakwerekwe, waaleikum salaam, samahani nimekuacha muda mrefu.

Anatomia ni somo la macho na mikono, kwa hiyo wewe kitabu kifupi kitakusaidia kuliko kilivyonisaidia mimi, mradi usikisome kitandani. Nenda chumba cha mifupa nacho. Shika mfupa, funga macho, sema jina, sema ni wa kulia au kushoto, sema nini kinapita juu yake, fumbua uangalie. Wiki tatu zinatosha. Gawa mwili sehemu, kila sehemu uikute zaidi ya mara moja, usiimalize leo ukaitupa. Ukitaka simu ikupangie, kuna Anki, programu ya kadi za maswali, kwenye Android ni bure. Ila kadi tengeneza mwenyewe, za kurithi hazina ladha.

Sentensi za Kiingereza achana nazo. Ile mifupa minane mimi na mwenzangu wa chumbani tuliipangia ya kwetu, tukiwa na njaa: Salma Leo Tunapika Pilau, Tangawizi Tumeisahau, Chumvi Hakuna. Skafoidi, lunati, trikwetramu, pisifomu, huo mstari wa juu, unaanzia upande wa gumba. Trapeziamu, trapezoidi, kapitati (Kiingereza inaanza na C, ndiyo chumvi), hamati, mstari wa chini, nao unaanzia upande wa gumba.

---

Mama_Wawili

Pilau bila tangawizi wala chumvi, ndo maana madaktari mnakonda.

---

Nyanza_Boy

Mkuu imekaa vizuri ila zile T mbili za mstari wa chini zitamchanganya, ipi inatangulia, trapeziamu au trapezoidi? Mimi naziweka hivi: trapeziUM, gUMba. Ndiyo inayokaa chini ya gumba.

---

Binti_Mwanakwerekwe

Ahsanteni sana kaka zangu. Wallahi nimeshaishika kabla sijafika mwisho wa uzi. Naenda kwenye mifupa kesho inshallah.

---

Mwl_wa_Fiziolojia

Na skafoidi ukishaijua kwa jina, jiulize kwa nini ikivunjika sehemu yake ya juu inaweza kufa. Damu yake inaingilia upande wa chini na kurudi nyuma kupanda. Watauliza, na sapu wanapenda kuuliza hapo.

---

Kapuku_Mtukutu

Wakuu kuna mwenye PDF ya hicho kitabu cha protokali cha Kenya? Inbox iko wazi.

---

Mbio_za_Eldoret

Ingia mtandao wa wizara yetu uangalie, usitume watu inbox. Na uangalie ni toleo la mwaka gani kabla hujasoma dozi yoyote, za zamani bado zinazunguka kwa simu za watu.

---

Binti_Mwanakwerekwe

Asalaam aleikum wote. Narudi kwenye uzi baada ya mwezi na kitu. Sapu nimepita, alhamdulillah.

Kwenye pepa walileta picha ya mkono wa eksirei, mishale minane, taja kila mfupa. Nikaanza kwa mbio, mshale wa tano nikajikuta nimeandika *Tangawizi* kwa wino. Nimeifuta mpaka karatasi ikatoboka. Ya skafoidi nayo ilikuja kama alivosema mwalimu, alama nne.

Sasa mwaka wa pili tumeanza baiokemia, na mzunguko wa Krebs haukai kichwani hata kidogo. Kaka Daktari, ile kalenda bado unayo?

---

Daktari_wa_Zamu

Hongera sana dada! Kalenda ilishaishia kufungia maandazi. Tafuta ya kwako, kubwa, yenye mgongo mweupe. Anza na asetili-CoA inapoingia, na kila hatua andika kabonidayoksaidi inatoka wapi. Ukikwama rudi hapa, tutaipikia na yenyewe pilau.